Mleta mada, usisaini kabla hujasoma kifungu cha kuachana

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema kampuni yenu inayumba, bodi imempata mtu wa kuja kuinusuru, na yeye anataka alipwe mshahara wa miaka miwili mkiachana kabla ya muda, juu yake pensheni nono kuliko ya wenzake wote. Umeuliza kama hiyo ni haki, kiasi gani kinatosha, kodi inakaaje na wafanyakazi waambiwe nini.

Acha kiasi kwanza. Fungua mkataba, tafuta kifungu kinachotaja ni lini hatalipwa. Kwa uzoefu wangu kitakuwa kinasema hivi au karibu na hivi: atakosa malipo iwapo tu ametiwa hatiani kwa jinai, ameiba, ameghushi nyaraka, au amegoma kwa makusudi kutimiza wajibu wake.

Kisome tena taratibu. Kuiangusha kampuni hakumo. Akope mpaka benki ifunge mlango, apoteze wateja wakubwa, kila robo mwaka ipite chini ya malengo aliyoyaweka mwenyewe, bado hajagusa hata neno moja la kifungu hicho. Siku mkimwondoa kwa sababu kazi imemshinda, mnamdai ofisi na yeye anawadai miaka miwili.

Nilikuwa kwenye kamati ya bodi iliyopitisha kifungu cha aina hiyo hiyo. Tuliambiwa na wakala aliyetutafutia mtendaji kwamba ndivyo soko lilivyo, kwamba mtu wa hadhi hiyo haji bila kinga. Akatuwekea jedwali la kampuni alizosema zinafanana na yetu. Zote zilikuwa kubwa kutuzidi na zote zilikuwa na faida. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba ujira wa wakala yule ulihesabiwa kwa asilimia ya mshahara wa mtu anayemleta. Kadiri tunavyomlipa mtendaji zaidi, ndivyo na yeye anavyovuna zaidi. Mtu wa namna hiyo hakupaswa kufungua mdomo kuhusu masilahi, na alikaa mezani kwetu akiitwa mshauri.

Mambo yalipoharibika, wagavi wakataka fedha taslimu kabla ya kushusha mzigo. Bodi nzima ikakubaliana kwamba mtendaji aondoke. Mwanasheria akaweka mkataba mezani, amepiga mstari kwa penseli chini ya kile kifungu, akauliza: ameiba? Hapana. Ameghushi? Hapana. Basi mlipeni. Akalipwa kwa mkupuo, kutoka akaunti ile ile ya mishahara. Kampuni ilipofika kwa mfilisi, yaani msimamizi wa kugawa mali iliyobaki kwa wadai, mtunza stoo aliyefanya kazi pale maisha yake yote alijaza fomu ya wadai akidai kiinua mgongo chake, na jina lake likakaa mstari mmoja chini ya muuza karatasi za ofisi. Mbele yao ilikuwepo benki yenye dhamana. Kilichobaki hakikutosha hata robo ya walichostahili.

Na msidhani haya hutokea kwa kampuni ndogo tu. Fred Goodwin, mtendaji mkuu wa benki ya RBS (Royal Bank of Scotland), aliachia cheo hicho mwaka 2008, mwaka ambao benki hiyo ilipata hasara ya pauni bilioni 24.1 na kuokolewa kwa fedha za walipa kodi wa Uingereza. Alikuwa na miaka 50. Bodi ilimhesabu kama mtu anayestaafu mapema kwa ombi la mwajiri, hivyo pensheni yake ikapigiwa hesabu kamili bila kukatwa kwa ajili ya umri: takriban pauni 700,000 kwa mwaka. Wananchi wakachachamaa, na mwaka 2009 akakubali ishushwe hadi 342,500. Iliposhuka, ilishuka kwa ridhaa yake, mkataba haukumlazimisha. Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, nayo mwaka 2016 ililegeza masharti ya kuwadai viongozi warudishe bonasi, na Januari 2018 ikaanguka huku mifuko ya pensheni ya wafanyakazi ikiwa na pengo kubwa.

Najua hoja itakayokuja: nani atakubali kuongoza kampuni mbovu bila uhakika? Ni hoja ya kweli. Anayerithi madeni ya mwenzake asiadhibiwe kwa madeni hayo, na mkiuza kampuni au mkifuta cheo chake, mlipeni miezi yake ya notisi kwa heshima. Lakini kufeli kwake mwenyewe kuandikwe kama sababu ya kutolipwa, kwa tarakimu: fedha taslimu zisishuke chini ya kiasi fulani, deni lisipite kiasi fulani, mishahara isichelewe. Pensheni awe kwenye mpango mmoja na wafanyakazi, kwa fomula ile ile. Huo ndio msimamo wangu na sitoki hapo.

Msitegemee sheria iwafanyie kazi hiyo baadaye. Marekani tangu 2005, kampuni iliyo chini ya mahakama ya ufilisi hairuhusiwi kumlipa kiongozi malipo ya kuachana yanayozidi mara 10 ya wastani wa malipo ya kuachana wanayopewa wafanyakazi wasio viongozi. Matokeo yake, kampuni kadhaa zimekuwa zikiwagawia wakubwa bonasi siku chache kabla ya kwenda mahakamani. Uswisi walipiga kura Machi 2013 kuzuia malipo ya kwaheri kwenye kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Yenu kama haiko sokoni, katazo la namna hiyo lisingewagusa.

Umesema kikao ni wiki hii. Bandika hapa kifungu chenyewe, futa majina, tukisome pamoja kabla hamjaingia. Na wakala wenu akisema mgombea hatakubali mabadiliko, muulize mbele ya bodi nzima ujira wake unahesabiwaje.