Mbegu za kakati zinaota Mikindani, kisha miche inaoza

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Kaka yangu aliyeko Marekani aliniletea mbegu za dungusi kakati za maua, pamoja na maelekezo ya wakulima wa Arizona. Nilipanda Januari, nikafunika kwa nailoni, nikaweka kibarazani. Zikaota vizuri tu. Baada ya muda miche ikalainika shinani, ikalala, ikawa majimaji. Je, salfa tunayopulizia mikorosho inaweza kuzuia hali hii? Na nikipanda tena nibadili nini? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Tuanze na salfa, maana najua mfuko upo stoo. Kwa ubwiriunga wa mikorosho inafaa kwa sababu ukungu ule hukaa juu ya jani, salfa ikaukuta hapohapo. Kilicholaza miche yako ni vimelea vya udongoni, kama Pythium na Fusarium, vinavyokula shina usawa wa ardhi. Pythium hasa haijali salfa. Tena ukiipaka mche mdogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwa joto letu hili, utauunguza. Iweke; itakufaa utakapokata kakati kubwa ukataka kukausha kidonda.

Maelekezo ya Arizona ni sahihi, kwa Arizona. Phoenix haipati hata milimita 250 za mvua kwa mwaka na hewa yake ni kavu mno, kwa hiyo nailoni ndiyo inayouokoa mche usikauke. Mikindani mwezi Januari ni mvua, fukuto na usiku usiopoa. Ukifunika hapo unafuga vimelea.

Panda mwishoni mwa Mei au Juni, mvua zikishakatika na kusi inavuma. Usiku huteremka hadi nyuzi 20 hivi na mchana ni chini kidogo ya 30; kakati nyingi huota vizuri katikati ya viwango hivyo. Kubwa zaidi, miche itakuwa na miezi mitano au sita ya ukavu kabla ya mvua nyingine.

Udongo uwe mchanga mkali wa mto sehemu tatu, mboji iliyochekechwa sehemu moja, na chenga za tofali la kuchoma kidogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na umejaa chokaa ya matumbawe. Makumbi ya nazi yanapatikana bure kwenu, lakini kwa miche ya kakati siyapendi, yanashika maji mno. Mchanganyiko uupitishe kwenye mvuke wa sufuria iliyofunikwa kwa nusu saa, uache upoe, ndipo uujaze kwenye kopo angavu lenye mfuniko, lililotobolewa chini. Mbegu zitawanye juu bila kuzifukia, kwa kuwa nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Weka kwenye kivuli chenye mwanga. Kopo lililofungwa likipigwa na jua la saa sita, miche inapikwa.

Zitaanza kuota ndani ya wiki moja hadi tatu. Mwenzako wa Arizona huacha mfuniko kwa miezi. Wewe ukiona vijiba vya kwanza vya miiba, anza kufungua jioni, kisha usiku kucha, kisha uutoe kabisa. Mwagilia kwa kukalisha kopo ndani ya beseni la maji hadi uso wa udongo ubadilike rangi, halafu usirudie mpaka ukauke. Mche ukiota utando mweupe, uchomoe na udongo wake uutupe siku hiyohiyo.

Sasa soma majina kwenye pakiti, maana hapo ndipo wengi hupoteza miaka. Rebutia ni ya milima ya Bolivia na Argentina na hutaka baridi ili ichanue. Pwani utafuga kijani tu. Saguaro, ile ndefu ya picha za Arizona, huchukua miongo kadhaa kabla ya ua la kwanza, kwa hiyo waachie wajukuu. Ningekuwa wewe ningetafuta Melocactus, iliyozoea pwani za Karibi na Brazil na isiyopenda baridi. Itakuchukua miaka kadhaa, kisha huota kofia ya manyoya mekundu utosini na maua ya waridi hutokea humo. Mammillaria prolifera ya Kuba haichelewi hivyo. Za kujifunzia mkono ni mbegu za tunda la joka, zinaota upesi. Ila ukitaka ua lake kubwa jeupe la usiku mapema, panda kipande cha shina.

Mzigo mwingine wa mbegu ukija, kaka yako aulizie kwanza kibali cha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Na pakiti yoyote yenye jina Opuntia, yaani mpungate, ichome. Opuntia stricta imevamia malisho ya Laikipia nchini Kenya, na ndege na wanyama ndio waliosambaza mbegu zake.