Metali kwenye maji: vifaranga ndio hufa kwanza

"Maji ya mto Nyamwamba ninayoingiza bwawani ni maangavu. Kambale wakubwa wananenepa, vifaranga wanakufa. Niwape dawa gani?" (Kasese)

Usinunue dawa, pima shaba. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimama 1982, lakini mabaki yake bado yanamomonyolewa na mto huo kila unapofurika. Shaba iliyoyeyuka kwa kiasi kidogo haina rangi. Hushika kwenye matamvua na kuzuia samaki kufyonza chumvi. Kifaranga hana akiba, hivyo hufa wakati wakubwa wanaendelea kula. Kambale mkubwa kuwa mzima si ushahidi, nimelirudia hili mara nyingi.

Chota kwa chupa safi ya plastiki mvua za kwanza zinapoanza, kwani ndipo metali nyingi hushuka. Maabara ichuje maji kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha itie asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2. Chupa ya pili isitiwe asidi: hiyo ni ya kupima pH na ugumu (wingi wa madini ya chokaa majini), maana kwenye maji laini, yenye chokaa kidogo, shaba huwa kali zaidi. Tena uliza mashine yao inaanzia kiwango gani. Ikiwa inaanzia mikrogramu 50 kwa lita, jibu la "haikuonekana" halikusaidii.

"Uganda haina bahari. Watoto wa chaza wanaotumiwa kupimia sumu ya maji wanatuhusu nini?"

Wanatuonyesha kipimo. Yai la chaza lililorutubishwa huwa lava (mtoto mchanga) mwenye gamba lenye umbo la D katika saa 24 hadi 48. Shaba ya mikrogramu 10 hivi kwa lita yatosha kuwaharibu nusu yao. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 2,000. Kwa hiyo cheti cha maji ya kunywa hakifai kutotoleshea vifaranga. Lava wa kome wa maji baridi nao hawaivumilii shaba.

"Kuchemsha maji kunaondoa metali ya risasi?"

Hapana, maji hupungua na risasi hubaki. Nanyi mnaopasua betri za gari, zenye risasi, mitaroni Kampala, acheni: mtaro wa Nakivubo humwagika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na maji ya kunywa ya mtambo wa Ggaba huchotwa humohumo.

"Tangi la mabati je?"

Hapana! Zinki iliyopakwa kwenye mabati huyeyuka. Tumia plastiki, na koki zisiwe za shaba.

"Chaza wa Mombasa wakilazwa siku mbili kwenye maji safi wanafaa kuliwa?"

Siku mbili hupunguza bakteria. Lakini kadimiamu, metali yenye sumu, hukaa mwilini mwao miezi. Muulize muuzaji wamevunwa wapi. Wa karibu na bandari au bomba la maji taka, usinunue.