Simu haichoki, kaka

Kaka, umeuliza kwa nini pale kijiweni Moshi ukicheza chesi na simu unaibana vizuri mchezo wa kwanza, halafu kufika wa nne unagawa malkia bure. Sio kwamba imeongeza akili. Wewe ndiye umechoka, tena umeshaanza kuiogopa, na hiyo hofu ndiyo mbaya zaidi. Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia wa chesi, New York 1997, mchezo wa pili dhidi ya kompyuta Deep Blue, alikubali kushindwa, kumbe uchambuzi wa baadaye ukaonyesha sare ilikuwepo! Aliiamini mashine kuliko macho yake. Mchezo wa sita akaanguka kwa hatua 19 tu.

Kramnik naye, Bonn 2006, bingwa wa dunia kabisa, hakuona programu ya chesi Deep Fritz inamuua mfalme wake kwa hatua moja. Mashine haina aibu ya kosa la jana, wala haijasimama dukani kutwa nzima kama wewe.

Cheza mmoja, funga simu, kanywe chai. Na ukiona imecheza hatua ya ajabu, ihesabu kwanza kabla ya kuiogopa.