Bibi hatachomwa ndani ya jicho

Dada, unauliza kama bibi yako wa Wete atachomwa sindano ndani ya jicho siku ya kutolewa mtoto wa jicho. La hasha. Sindano ya ganzi hupitishwa kando, baina ya jicho na mfupa, mwenyewe kalala chali. Dawa ni lidokaini, mara nyingi huchanganywa na bupivakaini ili ikae zaidi. Kisha jicho hubonyezwa kidogo, hungojwa kama dakika 10, likawa zito, halizunguki. Mama yangu alisema kichomo ni kama cha siafu. Baadaye alihisi mkono wa daktari tu, na maji yakimtiririka mpaka sikioni.

Wengine hutiwa matone peke yake. Hayana sindano, lakini jicho linabaki likicheza, kwa hiyo yanamfaa anayetulia na kufuata maneno. Bibi asiyesikia vizuri? Mimi ningeomba sindano. Ipo na njia ya kibomba butu kinachopitisha ganzi chini ya utando wa jicho, nzuri hasa kwa wanaokunywa dawa za kuzuia damu kuganda (asiziache kwa akili yake, amuulize daktari). Nusu kaputi zaidi ni ya watoto.

Ila msifiche kikohozi! Kukohoa ghafla kisu kikiwa jichoni ndiyo balaa lenyewe. Na bandeji ikitolewa mapema akaona vitu viwili viwili, asishtuke, huenda ganzi haijaisha.