Kibindoni: mkataba wa miezi 24, maisha ya miezi 30

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu walio kazini nje ya nchi zao, na kilio ni kile kile: mshahara mkubwa, akiba hakuna. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni karani wa mishahara mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimewalipa watu kwenye kambi za ujenzi ugenini, kwa hiyo nitajibu kwa hesabu, mahubiri nawaachia wenyewe. Majina nimeyaacha na barua nimezifupisha.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nipo mwaka wa kwanza wa mkataba wa miaka miwili. Mshahara wangu nikiupigia hesabu kwa fedha ya nyumbani ni mara nne ya ule wa zamani. Unaingia tarehe 28, lakini ikifika tarehe 15 sina kitu. Silewi, sivai vya gharama, sitoki. Nyumbani natuma nikiombwa, na naombwa kila wiki. Nijipange vipi? – Wa Zamu ya Usiku

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo "mara nne", maana ndiyo inayokuponza. Chumba hulipii kwa fedha ya nyumbani, wala nauli, wala bima, wala chakula. Vyote vinakatwa huko huko uliko, kwa bei za huko huko. Kinachostahili kubadilishwa ni kile tu kinachovuka mpaka. Chukua karatasi yako ya mshahara, toa kodi ya serikali na makato yote, toa pango, chakula, usafiri na simu, halafu kilichobaki ndicho ukilinganishe na ulichokuwa ukibakiwa nacho zamani. Huenda ile "mara nne" ikawa mara moja na nusu. Bado ni faida, ila si faida ya kuitikia kila simu.

La pili ndilo ningependa ulikariri: mkataba wako una tarehe ya mwisho, tumbo lako halina. Mkataba ukiisha kuna kusubiri. Kuna kibali kipya, usajili wa taaluma, usaili, tiketi, labda na miezi ya kukaa tu. Miezi hiyo nayo inakula. Ndiyo maana mtu wa mkataba simhesabii kama mtu wa ajira ya kudumu.

Tuseme mkononi unabaki na 1,500 kila mwezi baada ya makato, kwa fedha yoyote unayolipwa. Kwa miezi 24 hiyo ni 36,000. Usiigawe kwa 24, igawe kwa 30, utapata 1,200. Basi mshahara wako halisi ni 1,200: ndani yake uishi, utume nyumbani, na udundulize. Ile 300 inayobaki kila mwezi, jumla yake 7,200, ni mshahara wa miezi sita ambayo hakuna atakayekulipa. Kwa hiyo usiichanganye na akiba ya kiwanja au ya ada ya shule. Ukiichanganya utaikopa, na ukishajikopa mwenyewe hakuna wa kukudai. Itoke siku ile ile mshahara unapoingia, kwa agizo la kudumu benki, iende akaunti ya pili ambayo kadi yake hujaichukua kabisa. Kama miezi sita unaiona mingi, anza na minne. Lakini usiseme miwili, maana usajili wa wauguzi peke yake unaweza kula miwili.

Sasa simu za nyumbani. Kambini kwetu alikuwapo mwendesha kreni mmoja, mtu mkimya, aliyekuja dirishani kwangu kila siku ya mshahara na daftari dogo lenye gamba la bluu lililojaa grisi. Ukurasa wa kushoto aliandika aliyeomba na kiasi alichoomba. Wa kulia aliandika uamuzi wake: "sasa", "Juni", au "hapana". Nyumbani kwao walijua tarehe ya kutumiwa na walijua kiasi, na hakikubadilika awe amefanya kazi za ziada au hakufanya. Maombi mengine aliyakusanya akayaamua mara moja kila robo mwaka. Nilidhani ndugu zake wangemchukia. Wapi! Simu zilipungua, na zilizobaki zilikuwa za salamu.

Wewe fanya hivyo hivyo. Kiasi kimoja, tarehe moja, mpokeaji mmoja anayegawa kule. Pembeni weka fungu dogo la dharura, na dharura zenyewe uwatajie mapema: ugonjwa na msiba havisubiri, simu mpya na televisheni zinasubiri. Fungu likiisha, limeisha mpaka robo ijayo. Mara ya kwanza utaitwa bahili. Vumilia.

Kutuma kidogo kidogo kila wiki nako kunakugharimu kuliko unavyodhani. Kama ada ni 5 kwa kila muamala, mara nne kwa mwezi ni 20, na mara moja ni 5. Tena ada ndiyo sehemu inayoonekana. Isiyoonekana imo kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Mfano: sokoni fedha yako moja ni sawa na 100 za nyumbani, lakini anayekutumia anakupa 97. Ukituma 200, zimeshapotea 6 kabla hujaitazama ada. Ongeza ile 5 ya ada, umetoa 11 katika 200, yaani asilimia 5.5.

Benki ya Dunia hupima gharama hizi kwa namna hiyo hiyo, ada pamoja na pengo la kiwango, kwa kutumia mfano wa kutuma dola 200. Wastani wa dunia umekuwa ukizunguka asilimia 6 kwa miaka kadhaa, na kutuma Afrika kusini mwa Sahara ni ghali zaidi ya hapo. Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambayo nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana mwaka 2015, yanataka gharama hizo zishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Usizisubiri serikali. Vipimo hivyo hivyo vinaonyesha kwamba benki, kwa wastani, ndizo njia ghali kuliko zote za kutuma fedha nje, na kwamba kutuma kwa simu au intaneti kwa kawaida ni nafuu kuliko kupeleka noti dirishani. Tangazo likisema "tuma bila ada", uliza swali moja tu: nikikupa 200, mpokeaji atashika ngapi mkononi? Waulize watatu siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, halafu chagua.

Habari yako dada. Nilikopa ili nipate kazi hii: wakala, vipimo vya afya, tiketi. Riba ni asilimia 4 kwa mwezi. Wenzangu chumbani wanaweka akiba, mimi kila mwezi nalipa kidogo cha deni na kidogo naweka ili nisijione nimekuja bure. Nafanya sawa? – Mdaiwa

Nzuri, ndugu yangu. Hapana, hufanyi sawa, ingawa najua kwa nini unafanya. Asilimia 4 kwa mwezi inasikika ndogo. Riba isipolipwa ikajumlishwa kwenye deni, kwa mwaka inafika kama asilimia 60. Hakuna akaunti ya akiba ya halali itakayokulipa kiasi hicho, kwa hiyo kila unachoweka huku deni likiwepo kinakupa hasara, hata kama kitabu cha benki kinapendeza. Weka kwanza matumizi ya mwezi mmoja, ili ukiugua usilazimike kukopa tena, halafu kila kinachobaki kipeleke kwenye deni mpaka liishe. Muulize mkopeshaji, kwa maandishi, kama ukilipa kabla ya muda riba inapungua. Wengine hukata riba yote mwanzoni, na hapo kuharakisha hakuna faida.

Kisha piga hesabu hii: gharama zote ulizotoa ili upate kazi, zigawe kwa mshahara wako wa mwezi. Umefanya kazi miezi mingapi kwa ajili ya wakala? Umoja wa Mataifa wenyewe una kipimo cha aina hiyo, gharama za kuajiriwa zikilinganishwa na kipato chako cha mwezi katika nchi unakofanyia kazi. Na Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Unaruhusu vighairi, na unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini wapo waajiri wanaofuata kanuni hiyo hata pasipo kulazimishwa, na baadhi yao humrudishia mfanyakazi alichotozwa akionyesha ushahidi. Kwa hiyo stakabadhi zako zote zipige picha leo. Kama ulilipa bila stakabadhi, andika tarehe, kiasi na aliyepokea wakati bado unakumbuka.

Mama, akiba yangu niiweke kwa fedha ya huku ninakolipwa au niigeuze ya nyumbani kila mwezi? Kila mtu ananiambia lake. – Njia Panda

Iweke kwa fedha utakayoitumia, kulingana na siku utakayoitumia. Ya kumalizia nyumba mwakani igeuze taratibu, kidogo kila mwezi, usije ukaangukia siku mbaya. Ya miezi ya kusubiri, kama utaisubiria huko huko, ibaki huko huko. Ambayo hujui utaifanyia nini, igawe.

Wanaokuambia "fedha ya huku haitikisiki" waulize ni ipi. Riyali ya Saudia ni kweli imefungwa na dola, 3.75 kwa dola moja tangu 1986, na anayelipwa kwayo ni kama analipwa dola. Lakini pauni ya Uingereza, nayo tunaiita ngumu, ilianguka kwa takribani asilimia 8 dhidi ya dola katika siku moja, tarehe 24 Juni 2016, baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Anayedunduliza asilimia 10 ya mshahara wake aone siku moja inaweza kufanya nini.

Na hujaniuliza, lakini nakuambia: usikope kwa fedha usiyolipwa nayo, hata riba ikiwa ya chini namna gani. Watu wa Poland na Hungaria walichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo, huku mishahara yao ikiwa kwa fedha za kwao. Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuizuia faranga isipande, ikapaa ndani ya saa chache. Wahungaria wengi walikuwa wameshaumia miaka ya nyuma, na serikali yao ilikuwa imeamua mikopo hiyo igeuzwe iwe ya fedha ya kwao. Wapolandi waliamka wakidaiwa zaidi ya walivyodaiwa jana yake.

Shikamoo. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi mitatu, narudi. Zaidi ya mshahara wa mwisho, kuna kitu naweza kudai? – Mfungasha Mizigo

Marahaba, na pole kwa kufungasha. Kuna vitu, na watu huviacha mezani kwa haraka ya kuondoka.

Kwanza kiinua mgongo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, sheria huwapa wafanyakazi wa sekta binafsi waliotimiza mwaka malipo ya siku 21 kwa kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Lakini siku hizo hupigwa kwa mshahara wa msingi, bila posho. Nimeona watu wakipanga kununua gari kwa kiinua mgongo walichokihesabu na posho ya nyumba ndani yake. Fungua mkataba uone mstari wa "mshahara wa msingi" unasema ngapi, uanzie hapo.

Pili, michango ya pensheni. Nchi kadhaa humrudishia mgeni anayeondoka moja kwa moja sehemu ya michango yake. Japani inawezekana kwa aliyechangia angalau miezi sita, na maombi ni lazima yafike ndani ya miaka miwili tangu kuondoka. Australia mwenye viza ya muda hudai ya kwake baada ya kutoka na viza kukoma, na kodi yake ya kutoa ni kubwa, ujiandae. Nchi uliko ina utaratibu wake. Waulize ofisi ya pensheni yenyewe, usimtegemee mwenzako wa chumbani. Tena uliza kabla ya kudai: kama kuna makubaliano ya hifadhi ya jamii kati ya nchi hiyo na yako, miaka uliyochangia inaweza kuhesabiwa kwenye pensheni yako ya uzeeni, na ukishachukua fedha miaka hiyo hufutika.

Tatu, siku za likizo ambazo hukuzichukua, na amana ya pango.

Haya yote hayaji siku ya kuondoka. Mengine huja baada ya wiki, mengine baada ya miezi, na huingia kwenye akaunti. Kwa hiyo usifunge akaunti ya benki ya huko siku ya mwisho kama wengi wanavyofanya. Waulize benki kama wanakuruhusu kubaki nayo ukiwa nje ya nchi, badilisha anwani, na namba ya simu inayopokea zile tarakimu za siri uibadilishe kabla laini haijakatwa. Nenda kwa karani wa mishahara ukiwa bado una kitambulisho cha kazi, mwombe karatasi za mishahara za muda wote na barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na hakikisha jina limeandikwa sawa na la pasipoti. Kosa la herufi moja kwenye jina linatosha kuzuia malipo.