Majibu ya jikoni: matembele yanayokamuliwa, uji wa mtoto na chumvi ya kiganjani

Barua za safari hii zimetoka Mbagala hadi Bunju, na nyingi zinaanza na lalamiko moja: maisha yamepanda, chakula bora ni cha wenye pesa. Nimezisoma zote. Ninachokiona ni kwamba wengi wenu mnarudi na chakula kizuri kabisa kutoka sokoni, kisha kinaharibikia mikononi mwenu, kabla hakijafika sahanini. Tuanze na mboga, maana huko ndiko tunakopoteza zaidi.

Shikamoo mama. Matembele na kisamvu bila magadi vinachelewa kuiva na vinafifia rangi. Dada yangu anasema magadi ni mabaya. Ni kweli? – Mama wa wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu. Dada yako kasema kweli. Magadi yanalainisha majani na kuyaachia rangi ya kuvutia, lakini yanaua vitamini C na vitamini B1. Tena yanaongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Kama nyumbani kuna mwenye presha, anakula chumvi ya pili ambayo hakuna anayeihesabu.

Lakini magadi ni sehemu tu ya hasara. Juzi nilisimama soko la Buguruni, pembeni ya binti anayeuza mboga zilizokwishakatwa. Alikata fungu la matembele membamba kama nyuzi, akayatumbukiza kwenye beseni, akayakanda kwa mikono miwili mpaka maji yakawa ya kijani, akayakamua, akamwaga. Akarudia. Mara ya tatu maji yalitoka meupe, mteja akaridhika kwamba sasa mboga ni safi. Mimi niliumia. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji, na jani likishakatwakatwa hivyo halina tena cha kuvizuia. Sehemu kubwa ilishakwenda mtaroni kabla mboga haijaona moto.

Osha majani yakiwa mazima, maji mawili au matatu, hadi mchanga uishe chini ya beseni. Ndipo ukate, na vipande visiwe vidogo mno. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia mboga, funika. Maji yake yenyewe yanatosha. Mchicha na matembele machanga havihitaji zaidi ya dakika 5 hadi 7. Mafuta hayo kidogo usiyaogope, kwa sababu bila mafuta mwili haupokei vizuri vitamini A iliyomo kwenye majani. Ukishaepua, kamulia ndimu.

Kisamvu kina utaratibu wake. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na inayoiondoa ni kutwanga na kuchemsha. Twanga mpaka kilainike, kichemshe vya kutosha huku sufuria ikiwa wazi, ndipo utie karanga au nazi. Hapo usiwe na haraka.

Baba yangu ana kisukari. Tumemhamishia kwenye dona lakini sukari bado inapanda, na unga wenyewe unachacha upesi. – Binti, Gongo la Mboto

Dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa pumba na kiini havikuondolewa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Ila dona nayo ni wanga. Bonge la dona linalojaza sahani litapandisha sukari kama bonge la sembe. Mpakulie lenye ukubwa wa ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga za majani, pembeni samaki au maharage. Kuhusu kuchacha: kiini cha mahindi kina mafuta, ndiyo maana dona haikai. Sagisha kilo 2 au 3 kwa wakati, na ukisikia ladha ya uchungu, usiule.

Dada, mimi ni bodaboda. Mchana sili, usiku napiga chipsi mayai na kinywaji cha kuongeza nguvu. Naamka mzito kila siku. Nifanyeje, na hela ni ya kuunga? – Dereva, Tegeta

Mdogo wangu, hela unayompa muuza chipsi inatosha kwa mama ntilie. Mwambie akupunguzie wali, akuzidishie maharage na mchicha. Wengi wao hawakatai, waombe tu. Kula mchana, tumbo lililofunga tangu alfajiri likifika usiku halichagui. Asubuhi, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha na maharage vitakushikilia muda mrefu kuliko chai na andazi.

Siku ukienda kwenye chipsi, angalia karai kwanza. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, yameshakaangia mara nyingi mno. Ondoka. Na kuhusu kinywaji: chupa ya soda ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 35 za sukari, vijiko vya chai kama 8 au 9. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Tembea na chupa ya maji. Ikiwa pamoja na uchovu una kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, pitia zahanati upime sukari wiki hii.

Nina mtoto wa miezi 8. Nimemsagia unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu 10: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga na vingine. Anakunywa uji vizuri lakini uzito hauongezeki. – Mama Mdogo, Kimara

Mama, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa kumhangaikia. Kosa si lako, unga huu unasifiwa kila kona ya mji. Lakini mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano vyote ni nafaka. Ukizichanganya tano umeweka wanga mara tano, na kila moja ina muda wake wa kuiva. Chagua nafaka moja, tuseme ulezi, na aina moja ya jamii ya kunde.

Soya haisagwi mbichi. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo mtoto anakula asipate. Ichemshe, uianike ikauke, uikaange, ndipo upeleke mashineni.

Karanga zitoe kabisa kwenye mchanganyiko wa kusaga. Mafuta yake yanauchachisha unga, na karanga, kama mahindi, hushambuliwa na kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Nunua karanga kidogo, zimwage kwenye ungo, ondoa moja moja zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Zilizobaki kaanga, ponda zilainike kabisa, utie kijiko kimoja wakati uji uko jikoni.

Sasa uzito. Uji anaokunywa kwa kikombe ni maji mengi na unga kidogo, na tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, linajaa upesi. Upike uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki, umlishe kwa kijiko. Mimi wa kwangu niliwawekea dagaa: nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta, natwanga, nachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji bila chumvi kinampa protini na kalisi. Siku nyingine mpe yai lililoiva au parachichi lililopondwa. Asali isubiri atimize mwaka. Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, na kesho mpeleke kliniki na kadi yake, maana uzito uliosimama unaweza kuwa ugonjwa ambao uji hauwezi kuutibu.

Mimi ni mtu wa pwani, nazi nimekua nayo. Nimeambiwa nina presha. Ndiyo basi, niage nazi? – Mzee, Kigamboni

Shikamoo baba. Hapana, ila uipunguze. Nazi ina mafuta mengi ya aina inayoganda, na kuimaliza nzima kila siku kwa watu wanne ni nyingi. Tumia nusu: pikia tui la pili, tui zito litie kidogo mwishoni.

Adui wako wa kwanza, hata hivyo, ni chumvi. Kipimo cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo kuna ya mkate, ya vile vipande vya kiungo cha mchuzi, na ya ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi. Nyumbani tulifundishwa kupima chumvi kwa kiganja. Siku moja nikaimwaga ya kiganja changu kwenye kijiko cha chai: ikajaza vijiko viwili na nusu, kwa mchuzi wa mlo mmoja, watu wanne. Tangu siku hiyo napima kwa kijiko. Ng'onda loweka usiku kucha, mwaga maji, pika bila kuongeza chumvi. Ladha itafute kwenye ukwaju, ndimu, bizari na kitunguu saumu. Dawa usiache hata siku unayojisikia mzima.

Maharage yanamaliza mkaa na yanajaza gesi tumboni. – Mpangaji, Manzese

Yaloweke usiku, maji hayo mwaga, pikia maji mapya. Yatawahi kuiva na gesi itapungua.

Nina mimba ya miezi 5, damu imepungua. Nakunywa juisi ya rozela kila siku lakini haipandi. – Mjamzito, Temeke

Mama, wekundu wa juisi ni rangi tu. Damu inahitaji madini ya chuma, na utayapata kwenye nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki ulivyopewa kliniki meza kila siku. Vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya kula, na umweleze muuguzi badala ya kuviweka kabatini.

Kama unashushia ugali kwa chai ya rangi, nayo inakurudisha nyuma, kwa kuwa inazuia chuma cha kwenye mboga na maharage kuingia mwilini. Iweke mbali na chakula, angalau saa moja. Mezani weka chungwa au embe, vitamini C yake inasaidia chuma kupokelewa. Na kama unakula udongo, acha, maana nao unazuia chuma na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu hiyo mara nyingi inakuja na upungufu wenyewe wa damu, kwa hiyo usiione aibu: mwambie mkunga siku ya kliniki ijayo.