Mnunuzi anadai cheti cha uthamini wa domeni: usilipe

Mkuu, umeuliza kama ulipe dola 95 za cheti cha uthamini ili huyo aliyekuandikia anunue domeni yako, yaani jina la tovuti, kwa dola 7,000. Usilipe. Mimi nililipa.

Mwishoni mwa Oktoba 2021, Facebook walipotangaza kuwa kampuni sasa inaitwa Meta, nilikurupuka kama wengine. Usiku mmoja nikasajili majina 19 ya .com yenye neno "meta", kila moja dola kama 11. Miezi ikapita, hakuna aliyeuliza. Kisha ikaja barua pepe: bwana mmoja anataka jina langu moja kwa dola 6,500, ila mbia wake hatatoa hela bila cheti cha mthamini anayeaminika. Nikamuuliza, mthamini yupi? Akanitumia kiungo cha mjadala ambamo watu watatu wanaisifia tovuti fulani. Nikalipa dola 120. Haikupita saa nikaletewa PDF yenye muhuri wa rangi ya dhahabu: jina lako lina thamani ya dola 9,000. Nikamtumia usiku uleule. Hadi leo kimya.

Siku ya tatu ndipo nikaitafuta ile tovuti kwenye WHOIS, kumbukumbu za usajili wa domeni. Ilikuwa na wiki tano tangu isajiliwe, na ule mjadala wa kuisifia ulianza siku moja baada ya kusajiliwa. Kwangu mimi, mnunuzi, mthamini na wasifiaji ni mtu yuleyule.

Mnunuzi wa kweli hakuambii utoe hela kwanza. Yeye ndiye anayeweka pesa kwa mtu wa kati, wewe unahamisha domeni, akishaipata unaachiwa chako. Na huyo wa kati mtafute wewe, anwani ya tovuti yake uiandike mwenyewe kwenye kivinjari. Kiungo alichokutumia mnunuzi usikiguse, maana zipo tovuti za bandia zinazofanana kabisa na za kweli.

Umetaja pia kozi ya kuuza domeni ya kwenye WhatsApp wanayoinadi kwa mfano wa voice.com. Ni kweli jina hilo liliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini ni neno moja la Kiingereza, kampuni ya MicroStrategy walikuwa nalo miaka mingi, na mnunuzi, kampuni ya Block.one, alikuwa anaanzisha mtandao wenye jina hilohilo. Jina la maneno matatu ulilosajili juzi halimo katika soko hilo. Ukitaka kujua bei, angalia kwenye NameBio, tovuti inayoorodhesha mauzo ya domeni, majina yaliyokwisha kuuzwa, achana na bei walizojipangia wenye nayo. Halafu kumbuka kwamba mamilioni ya majina yasiyouzwa hayaandikwi humo.

Yale 19 niliyaacha yaishe muda, sikuyalipia tena. Hata yangepata mteja, yalibeba chapa ya watu, na chini ya UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya domeni uliopo tangu 1999, kampuni inaweza kunyang'anya jina la namna hiyo bila kukulipa hata senti.

Mjibu huyo bwana leo: silipii cheti, tupitie kwa mtu wa kati nitakayemchagua mimi, gharama yake uikate kwenye bei. Akikuandikia tena, bandika hapa alichosema, tutakisoma pamoja kabla hujafanya lolote.